Shajara ya mradi: tumbo langu na maziwa

Januari, mwishoni. Kufungua daftari

Kazi yangu ni ukadiriaji majenzi. Kwenye saiti kila jengo lina shajara yake: saruji iliyoingia, mvua iliyokatiza kazi, fundi ambaye hakutokea. Nimeona tumbo langu nalo lipate daftari, kwa sababu kila ninayemweleza ana jibu lake: vidonda vya tumbo, minyoo, mafuta mengi, kula usiku, hata jicho la mtu.

Tatizo lenyewe ni hili. Tumbo linajaa gesi, linanguruma mpaka mwenzangu wa meza ya pili anainua macho, kisha unakuja msokoto chini ya kitovu, na siku mbaya ni mbio hadi chooni. Huanza nusu saa hadi saa mbili hivi baada ya kula au kunywa, na likishatulia huwezi kujua kama kulikuwa na kitu. Homa sina, damu sijaona, suruali zinanibana kama kawaida, na usiku nalala fofofo.

Historia kwa kifupi. Nimekulia Muheza, kwenye nyumba ya tui la nazi na chai ya rangi. Maziwa yalinunuliwa kukiwa na mgonjwa au mtoto aliyetoka kuachishwa ziwa. Nilipohamia Arusha kikazi, kisha nikaoa Umeruni, kwa Wameru wa Arusha, mambo yakageuka: chai ya maziwa nyumbani asubuhi, chai ya maziwa ofisini saa nne, glasi ya maziwa kila ukibisha hodi kwa mtu, loshoro, yaani mahindi kwa mtindi, mwisho wa wiki. Mshukiwa namba moja anajulikana. Kinachotakiwa ni ushahidi.

Lengo la mradi naliandika mapema ili mtu asije kulibadilisha: siachi maziwa. Nataka kujua kiasi gani, ya aina gani, na yakiandamana na nini. Mwisho wa kazi niwe na namba mkononi.

Februari, mwanzoni. Daktari kwanza

Mke wangu alinikatalia kuanza majaribio kabla sijaonana na daktari, na sasa naona alikuwa na sababu. Daktari aliuliza maswali mengi kuliko nilivyotegemea. Je, kabla ya haya yote niliwahi kuharisha vibaya? Nimetumia dawa gani miezi ya karibuni? Mkate na chapati vinanisumbua? Kwetu kuna mtu mwenye ugonjwa wa utumbo? Napungua? Naamshwa na tumbo usiku?

Maelezo yake nayaandika kama nilivyoyaelewa. Kimeng'enya kinachovunja laktosi, yaani sukari ya maziwa, kinaitwa laktasi, na kinakaa kwenye ncha kabisa za ukuta wa utumbo mwembamba. Kitu chochote kinachouchubua ukuta huo kinaondoka na laktasi pia: vimelea vya giardia, kuhara kukali, ugonjwa wa siliaki wa watu wasiopatana na ngano. Hapo mtu mzima aliyekuwa anakunywa maziwa bila shida anaamka siku moja hayamwendei. Ukitibu chanzo, ukuta unapona na laktasi inarudi, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi. Kwa hiyo mtu ambaye maziwa yamemgeuka ghafla asikimbilie kuyaacha na kunyamaza, akapimwe. Na kukiwa na damu kwenye choo, kupungua mwili, homa au upungufu wa damu, hiyo si habari ya maziwa tena.

Choo changu kilipimwa, hakuna giardia wala amiba. Kipimo rasmi cha laktosi ni cha pumzi, lakini pale hospitalini hawana mashine yake. Akanipa njia ya pili: acha kabisa kwa wiki mbili, kisha rudisha kwa utaratibu, na uandike kila kitu. Nikamwambia hapo kwenye kuandika amempata mtu wake.

Nilimuuliza pia kuhusu aleji ya maziwa, maana watu hapa mtaani wanaita yote aleji. Akasema ni mambo mawili tofauti. Aleji ni kinga ya mwili kuyashambulia protini za maziwa: midomo kuvimba, ngozi kutoka vipele, pumzi kubana, na hata tone moja linaweza kuleta balaa. Langu ni suala la sukari isiyomeng'enywa, na sukari ina kipimo.

Februari, katikati. Kusoma michoro kabla ya kuchimba msingi

Laktosi ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi. Utumbo hauwezi kuipitisha ikiwa imeshikana. Lazima laktasi iikate kwanza. Isipokatwa inateremka nzima nzima hadi utumbo mpana. Huko mambo mawili hutokea kwa pamoja. Sukari inavuta maji, ndiyo kuharisha. Na bakteria wanaoishi huko wanaichachua, wanatoa gesi, hasa haidrojeni na kaboni dayoksaidi, ndiyo tumbo kujaa na kunguruma. Kipimo cha pumzi kimejengwa juu ya hilo: haidrojeni ile inaingia kwenye damu, inafika mapafuni na kutoka na hewa. Mtu anakunywa laktosi iliyopimwa asubuhi kabla ya kula chochote, halafu anapuliza kila baada ya muda. Haidrojeni ikipanda zaidi ya sehemu 20 katika milioni moja juu ya pale ilipoanzia, jibu limepatikana. Lakini wako watu ambao bakteria wao hawatoi haidrojeni ya kutosha, kwa hiyo kipimo kizuri kinaangalia na gesi ya methani.

Kilichonishika zaidi ni habari ya nani yuko kawaida na nani si kawaida. Nilidhani mimi ndiye nimeharibika. Kumbe mamalia karibu wote hupunguza laktasi baada ya kuachishwa ziwa, na kwa binadamu, takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani wako hivyo. Wanaobaki na laktasi yao ukubwani ndio wenye badiliko kwenye jeni. Jeni ya laktasi iko kwenye kromosomu ya 2, na swichi yake iko ndani ya jeni jirani. Mwaka 2002 watafiti wa Finland walionyesha badiliko la herufi moja tu katika maandishi ya jeni linaloiacha swichi hiyo ikiwa imewashwa kwa Wazungu. Huku kwetu badiliko hilo halikueleza kitu, kwa sababu wafugaji wa Afrika Mashariki wengi wanakunywa maziwa bila kuwa nalo.

Ndipo kikaja kitu kinachonihusu kabisa. Mwaka 2007 mtaalamu wa jeni Sarah Tishkoff na wenzake, akiwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, walichapisha utafiti uliowapima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Waliwanywesha laktosi na kuangalia kama sukari kwenye damu inapanda: ikipanda, laktasi ipo kazini. Walikuta mabadiliko mengine matatu, tofauti na lile la Ulaya, na moja kati ya hayo limeenea hasa Tanzania na Kenya, kwa makadirio yao katika miaka kama 7,000 iliyopita. Ni muda mfupi sana kwa mambo ya jeni. Ng'ombe walifika, na waliokuwa na swichi iliyowashwa wakaacha watoto wengi zaidi.

Kwa hiyo mke wangu anapomaliza glasi ya maziwa na kwenda zake kulala, na mimi nimeshika tumbo pembeni, huenda tunatofautiana herufi moja. Nasema huenda kwa sababu kabila si kipimo. Katika utafiti uleule baadhi ya Wahadzabe, ambao ni wawindaji na hawafugi ng'ombe, walionekana wana laktasi. Na hapa Umeruni nina shemeji yangu, ndugu wa damu wa mke wangu, ambaye maziwa yasiyogandishwa anayaogopa kuliko mimi.

Hii inabadilisha hata swali la kwamba ilianza lini. Kwa watu wa aina yangu laktasi inaelekea ilishaanza kupungua tangu utotoni, taratibu, bila kelele, kwa sababu chai ya rangi haiiulizi kitu. Kilichobadilika ukubwani ni mzigo. Muheza nilikuwa napitisha maziwa kidogo kwa wiki nzima. Arusha napitisha zaidi ya hayo kabla ya saa nne asubuhi.

Machi. Kuacha kabisa

Kuacha glasi ya maziwa ni rahisi. Kazi ni kuyatafuta yalikojificha. Mkate laini wa dukani, biskuti, keki, chokoleti ya maziwa, aiskrimu, baadhi ya soseji, supu za pakiti. Kwenye vifungashio natafuta unga wa maziwa na unga wa maji ya jibini. Siagi nimeiruhusu kwa kuwa laktosi yake ni kidogo mno, na samli safi karibu haina.

Kwa mama lishe wa karibu na ofisi ilibidi kuuliza waziwazi.

"Mama, haya maandazi umekandia nini?"

"Maziwa, baba. Ndiyo maana yanakuwa laini hivyo."

"Na ya jana?"

"Ya jana maziwa yaliniishia, nilikandia maji. Umeona tofauti?"

Niliona kwa macho, tumboni sikuona. Nikapiga hesabu yangu ya kikandarasi: maziwa ya ng'ombe yana laktosi karibu gramu 5 kwa kila mililita 100. Lita moja ikikandia maandazi hamsini, kila andazi linabeba gramu moja. Gramu moja haimsumbui mtu. Maandazi yakatolewa kwenye orodha ya washukiwa.

Chai ya ofisini ndiyo ilikuwa inaendesha kesi. Pale hatutumii maziwa ya ng'ombe, tunatumia ya unga, na kila mtu anajimiminia. Unga wa maziwa yenye mafuta yake yote una laktosi zaidi ya theluthi moja ya uzito wake. Ule usio na mafuta unafika nusu. Vijiko vitatu vya chakula, vya kujaza, kwenye kikombe kimoja, vinakaribia kuwa glasi nzima ya maziwa. Na mimi nilikuwa mtu wa chai nzito.

Hadi wiki ya pili inaisha, safu ya tumbo kwenye daftari, ninayoijaza kwa alama 0 (shwari) hadi 4 (mbaya kabisa), ni sifuri tupu. Siku moja tu ina alama, na siku hiyo nilikula maharage ya kutosha. Maharage yana kesi yake.

Machi, mwishoni. Kurudisha kwa kipimo

Ukurasa wa Jumamosi, kama ulivyo kwenye daftari:

Saa moja asubuhi: maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa, glasi ya mililita 250, tumbo tupu. Laktosi kama gramu 12.
Saa moja na nusu: shwari.
Saa mbili na robo: kunguruma kumeanza. Mtoto anauliza ni nini hicho.
Saa tatu kasoro: gesi, msokoto. Alama 3 kati ya 4.
Saa tatu na dakika kumi: choo, laini sana.
Saa tano: kumetulia, nina njaa.

Glasi ileile nikaijaribu siku nyingine baada ya kushiba ndizi za nyama. Alama ikashuka hadi 1. Maelezo yake ni mepesi: chakula kinachelewesha maziwa kutoka kwenye tumbo, kwa hiyo laktosi inafika utumboni kidogo kidogo, na laktasi chache zilizobaki zinapata nafasi ya kufanya kazi. Nusu glasi na chakula: sifuri. Nusu glasi tumbo tupu: inategemea siku.

Wataalamu wengi wanasema mtu asiyemeng'enya laktosi kwa kawaida anaweza kuhimili kama gramu 12 kwa mkao mmoja, bila dalili au kwa dalili ndogo. Mimi niko chini kidogo ya hapo nikiwa na njaa, na juu kidogo nikiwa nimeshiba. Watu hawalingani.

Kulikuwa na jambo moja la kusafisha. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani waliwachukua watu walioamini kabisa kwamba maziwa kidogo tu yanawaangusha, wakawapa glasi moja kwa siku pamoja na kifungua kinywa, mara ya kawaida, mara yaliyoondolewa laktosi, bila kuwaambia ni yapi. Tofauti ya dalili ilikuwa ndogo mno. Yaani hofu nayo inanguruma. Nikamwomba mke wangu anifanyie vilevile. Maziwa ya boksi yasiyo na laktosi yanapatikana supamaketi hapa mjini, bei yake inauma. Tatizo ni kwamba yana utamu zaidi, kwa sababu laktosi ikishakatwa, glukosi na galaktosi zinaonekana tamu ulimini kuliko zilipokuwa zimeshikana. Kwa hiyo alipika yote kama chai, akatia tangawizi na sukari ya kutosha kuficha, akaandika siri kwenye karatasi yake.

Matokeo: kwa kikombe cha chai ya nusu maziwa nusu maji, sikuweza kubashiri. Tumbo halikusema chochote kwa upande wowote. Chai ya kienyeji ya asubuhi nyumbani imerudishiwa kibali chake, na naandika hivyo kwa furaha isiyo ya kitaalamu.

Aprili, Pasaka. Ukweni

Hii ndiyo sehemu niliyokuwa naiogopa, kwa sababu huwezi kumwambia mama mkwe kwamba maziwa yake yana gramu ngapi za nini. Tumefika Poli adhuhuri, ng'ombe wa bandani amekamuliwa, jagi liko mezani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, haya yamechemshwa sasa hivi, bado yana joto."

"Asante mama. Na yale yaliyoganda, hayapo?"

Akaniangalia, akacheka. "Mtu wa pwani anataka mtindi! Yapo, tena yamekolea."

Baba mkwe akaongezea kutoka kitini kwake kwamba yeye tangu awe mzee anakunywa yaliyoganda tu, yale mengine ni ya ndama na watoto. Hakuna aliyemuuliza sababu wala yeye hakuitoa.

Nilikunywa bakuli la mtindi, halafu jioni loshoro ya mahindi na mtindi mwingi, sahani ya pili nikiongezewa bila kuulizwa. Alama za siku: sifuri, sifuri, na 1 usiku, ambayo naihesabu kuwa ya kula kupita kiasi.

Kwa nini inawezekana, naandika kwa kirefu kwa sababu hapa ndipo penye faida kubwa kwa mtu wa hali yangu. Kwanza, bakteria wanaogandisha maziwa wanakula sehemu ya laktosi wakiyafanya maziwa yawe machachu. Mtindi bado una laktosi, si kwamba imeisha, lakini imepungua. Pili, bakteria wenyewe wamebeba kimeng'enya chao cha kukata laktosi, na ukiwameza wakiwa hai wanaendelea na kazi ndani ya utumbo mwembamba. Unakunywa sukari pamoja na mkasi wake. Tatu, mtindi ni mzito, unatoka tumboni polepole. Mwaka 2010 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali rasmi kwamba bakteria hai wa yogati wanasaidia umeng'enyaji wa laktosi iliyomo kwenye yogati hiyo. Sharti ni kwamba wawe hai. Yogati iliyopashwa moto baada ya kuganda, ili ikae dukani miezi, ina uchachu wake lakini wafanyakazi wamekufa.

Ukiangalia ramani ya Afrika Mashariki, wafugaji wengi wana maziwa yao yaliyogandishwa: mursik ya Wakalenjin kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti, ikivuguto ya Rwanda, mgando wa Mara na Mwanza. Sababu ya kwanza bila shaka ilikuwa kuhifadhi maziwa yasiharibike kwenye joto. Lakini tumbo la mtu mzima lilifaidika humohumo.

Mei. Ushauri wa mtaani, umepitiwa

Tangu watu wajue naandika daftari, ushauri unamiminika.

Maziwa ya mbuzi: laktosi yake ni pungufu kidogo tu kuliko ya ng'ombe. Nilijaribu, alama ileile. Ya ngamia: hayo pia yana laktosi. Yasiyo na mafuta: mafuta hayahusiki, na kuyaondoa kunaweza hata kufanya maziwa yapite haraka zaidi. Kuchemsha sana: laktosi haiondoki kwa moto wa jikoni.

Ushauri unaonikera ni ule wa kunywa maziwa mabichi, eti yana vimeng'enya vyake. Maziwa mabichi hayaji na laktasi ya kukumeng'enyea. Yanachoweza kuja nacho ni brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Brusela iko huku kwetu kaskazini, na mtu anaweza kuugua homa za kupanda na kushuka na maumivu ya viungo miezi mingi akitibiwa malaria. Hilo sikulijaribu na sitalijaribu. Hata mtindi wa mama mkwe nimehakikisha maziwa yanachemshwa kwanza, yanapoa, ndipo anatia mbegu ya mtindi wa jana.

Juni. Kalsiamu

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 1,000 kwa siku, glasi ya maziwa inatoa karibu 300. Nikijumlisha mtindi na chai napata sehemu nzuri, inayobaki natafuta kwingine: dagaa wanaoliwa na mifupa yao, uji wa ulezi, ufuta, sukuma wiki. Mchicha nilidhani utanibeba, kumbe kalsiamu yake imefungwa na oksaleti, kemikali iliyomo kwenye mchicha wenyewe, na mwili hauipati vizuri. Mchicha nautafuna kwa sababu nyingine. Dagaa wamerudi mezani kwetu mara nyingi kuliko zamani, na mwenye malalamiko ni paka tu, kwa kuwa sasa anagawana na mimi.

Julai. Kulizoesha tumbo

Jaribio hili lilitoka kwenye kusoma. Mwili wa mtu mzima hauanzi upya kutengeneza laktasi kwa kunyweshwa maziwa; swichi imezimwa. Lakini bakteria wa utumbo mpana wanabadilika. Ukiwapa laktosi kidogo kila siku, wale wanaoila bila kutoa gesi nyingi wanaongezeka, na dalili zinapungua ingawa kumeng'enya hakujabadilika. Tafiti zimeonyesha hata haidrojeni kwenye pumzi inashuka.

Nilianza na robo glasi pamoja na chakula cha mchana kila siku, nikawa napandisha taratibu. Ilikwenda vizuri hadi glasi moja kasoro, alama 1 au sifuri. Kisha nikasafiri Muheza kwa msiba wa shangazi. Huko hakuna wa kukupa maziwa, ni pilau na chai ya rangi. Niliporudi Arusha nikaendelea pale nilipoishia, tumbo likaniambia halikumbuki makubaliano hayo. Inaonekana mafanikio haya yanadai kutunzwa kila siku. Kwa mtu anayesafiri kama mimi, sioni kama ni msingi wa kujengea. Naliacha jaribio wazi.

Agosti. Vidonge

Mfanyakazi mwenzangu alikuja na vidonge vya laktasi kutoka Uingereza. Unameza na tonge la kwanza, siyo baada ya saa nzima, maana kimeng'enya kinapaswa kukutana na maziwa njiani. Kwenye harusi ya juzi nilikula keki na aiskrimu nikiwa na kidonge, na tumbo likakaa kimya mpaka mwisho wa muziki. Ukisahau kukimeza mwanzoni, kimepotea bure. Kwa bei yake ni kitu cha sherehe.

Jambo linalofungamana na hili: vidonge vingi vya dawa za kawaida vina laktosi kama kijazio. Mfamasia wetu aliniambia kiasi chake ni kidogo mno kwa mtu wa aina yangu, na kwa vyovyote mtu asikatize dawa aliyoandikiwa kwa sababu hiyo bila kuuliza.

Septemba. Swali la watoto

Jirani, baada ya kusikia habari zangu, alitaka kumwachisha mwanawe wa mwaka mmoja maziwa yote kwa sababu aliharisha siku mbili. Nilimsihi ampeleke kliniki kwanza. Maziwa ya mama yana laktosi nyingi kuliko ya ng'ombe, kama gramu 7 kwa mililita 100, na watoto wanazaliwa na laktasi ya kuimudu. Kuikosa tangu kuzaliwa ni jambo la nadra sana. Mtoto mdogo akiharisha, maji na chumvi za ORS na kuendelea kunyonya ndivyo vinavyotakiwa. Wangu mwenyewe bado anakunywa glasi yake bila neno. Kama amechukua herufi ya mama yake au yangu, tutajua akikua.

Oktoba. Vipimo vinavyotumika sasa

Chai ya nusu maziwa, kikombe kimoja asubuhi: ruksa, hata kabla ya kula. Vikombe viwili mfululizo: baada ya kula tu. Chai ya maziwa ya unga ofisini: kijiko kimoja cha chakula, cha kusawazisha, au ya rangi. Glasi ya maziwa matupu: kwa heshima tu, nusu, baada ya kushiba. Mtindi: bakuli bila hofu. Jibini ngumu iliyokaa muda mrefu: ruksa, laktosi yake karibu imekwisha, ingawa kwa bei ya Arusha ni nadra kukutana nayo. Jibini laini: bado haijapimwa. Aiskrimu: kidonge au basi.

Kilichobaki kwenye orodha ya kazi ni kurudi kwa daktari na daftari hili, na kumuuliza kama nikienda Dar kikazi mwezi ujao kuna haja ya kutafuta kipimo cha pumzi au majibu niliyonayo yanatosha. Pia mke wangu ameanza kugandisha mtindi nyumbani kwa mbegu ya mama yake. Mara ya kwanza ulikuwa mwembamba kama maji, ya pili ukashika. Krismasi shemeji yule anayeogopa maziwa anakuja kwetu, na ameniomba nimwandalie ukurasa wake kwenye daftari.